Benchi la Mbao Mbichi: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Benchi linalochambuliwa hapa lilikuwa na vipande saba tu: ubao mmoja mnene wa kukalia, miguu minne, na papi mbili zilizofungwa chini ya ubao huo ili kuuzuia usipinde. Nililitengeneza mwenyewe nyumbani kwa siku mbili, nikaliweka barazani, na katika wiki ya kwanza kila aliyelikalia alilisifu. Mwezi wa nne lilipasuka, mwezi wa tano miguu yake ikalegea, na mwezi wa sita lilimwangusha mgeni aliyeketi karibu na mwisho wake. Naandika kisa hiki kwa ukamilifu kwa sababu hapakuwa na sehemu hata moja iliyotengenezwa kizembe: matundu yalikuwa safi, skrubu zilizidi zile zilizohitajika, na gundi haikufanyiwa ubahili. Mwanzoni niliamini kwamba nilikuwa na makosa matatu yasiyohusiana. Baadaye nilibaini kuwa mawili kati ya hayo yalikuwa kosa moja, na kwamba kosa hilo lilifanyika kabla sijashika msumeno.

Benchi lilivyokuwa siku ya kwanza

Ubao wa kukalia ulipasuliwa kutoka kwenye gogo la mti uliokuwa umeangushwa wiki chache tu kabla ya hapo. Ulikuwa na urefu wa sentimita 130, upana wa milimita 340 na unene wa milimita 50, na ukingo wake mmoja ulibaki na gome, kwa kuwa nilitaka benchi lionekane kana kwamba limetoka moja kwa moja porini. Miguu ilitokana na matawi yaliyonyooka ya mti uleule. Kila mguu ulichongwa ncha yake ya juu hadi ukapatikana ulimi wa mviringo wenye kipenyo cha milimita 30, kisha ulimi huo ukapakwa gundi nyeupe ya mbao na kugongewa katika tundu la kipenyo hichohicho, lililotobolewa wima kabisa, sentimita 30 kutoka mwisho wa ubao. Urefu wa kukalia ulifika sentimita 45 kutoka sakafuni, kipimo kinachowafaa watu wazima wengi.

Papi mbili, ambazo zenyewe zilikuwa za mbao kavu, zilikatisha upana wa ubao kwa chini. Kila papi ilishikwa kwa skrubu nne, na umbali kati ya skrubu ya pembeni upande mmoja na ile ya upande wa pili ulikuwa milimita 260. Uso wa juu ulipakwa vanishi mara tatu. Uso wa chini haukupakwa chochote, kwa hoja kwamba hakuna atakayeuona.

Dalili za hatari zilikuwepo tangu siku hiyo. Keekee ilitoa maranda marefu, laini na yenye baridi badala ya unga mkavu. Msasa ulijaa utando baada ya kupitishwa mara chache. Na nilipokaza skrubu za mwisho, unyevu ulijitokeza kuzunguka vichwa vyake. Kila dalili ilikuwa inasema jambo lilelile, nami nilizichukulia zote kuwa kero za kazi.

Mfuatano wa kuharibika

Katika wiki ya pili zilitokea nyufa fupi kwenye ncha zote mbili za ubao, nyingi zikiwa na urefu wa sentimita 3 hadi 6. Sikuzijali, kwa sababu zilionekana kuongeza ile sura ya kishamba niliyoitafuta. Mwezi wa nne, usiku mmoja, ulisikika mlio mkali kama wa kijiti kikavu kinachovunjwa, na asubuhi yake palikuwa na ufa ulioanzia mwisho mmoja wa ubao na kwenda karibu sentimita 70 kuelekea katikati, ukipita kati ya skrubu za papi ya upande huo.

Mwezi uliofuata benchi lilianza kuyumba. Hapa nilifanya jambo ambalo nadhani kila anayejifunza useremala wa nyumbani amewahi kulifanya: nilikata kidogo mguu ulioonekana mrefu, kisha nikakata kidogo ule wa pili uliogeuka kuwa mrefu baada ya wa kwanza kukatwa, hadi benchi likawa limepungua sentimita 2 na bado linayumba. Tatizo halikuwa urefu wa miguu hata kidogo. Miguu miwili ilikuwa ikicheza ndani ya matundu yake, na kitu kinachocheza hakiwezi kusawazishwa kwa msumeno. Yale ya mwezi wa sita nimekwisha kuyataja. Mgeni hakuumia, ila benchi liliinuka upande wa pili kana kwamba ni pembea, na kuanzia siku hiyo likahamishiwa stoo.

Ufa na papi

Mti uliotoka kuangushwa una maji ya namna mbili. Yapo yaliyojaa katika uwazi wa seli, na yapo yaliyoshikwa ndani ya kuta za seli zenyewe. Yale ya kwanza huondoka mapema, na kuondoka kwake hakubadilishi vipimo vya mbao. Kusinyaa huanza pale maji ya kwenye kuta yanapoanza kutoka, yaani unyevu unaposhuka chini ya takriban asilimia 28 hadi 30 ya uzito wa mbao kavu. Ndiyo maana wiki ya kwanza benchi langu lilionekana halina kasoro. Ncha za ubao ndizo zilizotangulia kusinyaa, kwa kuwa njia za maji ndani ya mti huelekea huko na unyevu hutoka kwenye ncha kwa kasi kubwa kuliko kwenye nyuso. Ncha zikataka kupungua wakati sehemu ya ndani bado imejaa maji, na mvutano huo ukazipasua. Mafundi wanaohifadhi mbao hupaka nta au rangi nzito kwenye ncha mara tu gogo linapopasuliwa ili kupunguza mbio hizo. Mimi sikupaka.

Jambo ambalo lingeniokoa, kama ningelitia maanani, ni kwamba mbao haisinyai sawasawa pande zote. Kwa miti mingi, kutoka ubichi kamili hadi ukavu kamili, upande unaofuata mzunguko wa pete za ukuaji hupungua kwa takriban asilimia 8. Upande unaotoka kiini kwenda kwenye gome hupungua karibu nusu ya hapo. Lakini urefu, yaani upande wa nyuzi, hupungua kwa asilimia 0.1 hadi 0.2 tu, kiasi ambacho seremala hukipuuza. Miti hutofautiana, lakini mpangilio huo haubadiliki. Ubao wangu ulipasuliwa kwa namna ambayo sehemu kubwa ya upana wake ilifuata mzunguko wa pete, kwa hiyo upana huo ulikuwa na safari ndefu ya kwenda. Papi, kwa upande wake, ilikuwa imelala kwa urefu wa nyuzi zake na ilikuwa tayari kavu, kwa hiyo haikuwa na safari yoyote. Niliviunganisha viwili hivyo kwa skrubu nne zilizokazwa hadi mwisho.

Hesabu yake ni nyepesi. Kama ubao unashuka kutoka asilimia 30 ya unyevu hadi 14, basi umepita kidogo zaidi ya nusu ya safari yake, na kusinyaa kwake ni karibu asilimia 4.3. Kwa upana wa milimita 340 hiyo ni milimita 14 na kitu. Kati ya skrubu za pembeni, zenye umbali wa milimita 260, ubao ulitakiwa kupungua milimita 11, huku papi ikiwa imezishika skrubu hizo mahali pake. Kiungo cha namna hiyo hakina njia ya tatu: ama skrubu zisogee, ama mbao ipasuke. Katika kisa hiki yalitokea yote mawili. Nilipolivunja benchi baadaye, ufa ulikuwa na milimita 6, na skrubu za pembeni zilitoka zikiwa zimepinda, matundu yake yakiwa yamesagika na kuwa marefu. Milimita 5 zilizobaki zilikuwa zimemezwa huko.

Papi hazikuhitajika hata kwa nguvu. Ubao wa milimita 50 kwa unene, ukiwa umeegemea miguu iliyoachana kwa sentimita 70, hushuka chini ya milimita 1 mtu wa kilo 100 anapokaa katikati. Niliziweka kwa sababu ya hofu ya kupinda, na hofu hiyo haikuwa ya bure, kwa maana ubao uliopasuliwa hivyo hupinda kadiri unavyokauka na upande uliokuwa karibu na gome huwa ndio unaobonyea. Lakini kuuzuia ubao usipinde kwa kuukaza kwenye kitu kisichosinyaa ni kuubadilishia tu aina ya uharibifu. Anayehitaji papi kweli hufunga skrubu ya katikati kwa kuikaza, na kwa zile za pembeni hutoboa kwenye papi matundu marefu yanayoelekea upande wa upana wa ubao, ili skrubu ziweze kuteleza.

Vanishi ya upande mmoja iliongeza tatizo. Uso wa juu ulizibwa, wa chini ukaachwa wazi, na hivyo unyevu ukawa unatoka kwa kasi tofauti juu na chini. Sikuweza kutenganisha mchango wake na ule wa papi, kwa hiyo siupi uzito mkubwa, ila siku hizi sipaki uso mmoja bila kupaka wa pili.

Miguu

Ulimi mbichi wa milimita 30 uliogongewa katika tundu la milimita 30 huonekana umebana vizuri siku ya kwanza. Ulimi huo unapokauka haubaki mviringo: upande mmoja hupungua takriban milimita 1.3 na upande wa pili milimita 0.6, ukawa na umbo la yai. Tundu nalo hubadilika, kwa kuwa tundu lililo ndani ya ubao unaosinyaa husinyaa pamoja nao, lakini kwa upana wa ubao tu; kwa upande wa urefu hubaki milimita 30 zilezile. Matokeo yake ni maumbo mawili ya yai yasiyolingana, yenye nafasi inayokaribia milimita 1 upande ule ambao mguu husukumwa zaidi watu wanapokaa na kuinuka.

Milimita 1 inaonekana ndogo hadi mtu akumbuke kwamba mguu ni wenzo. Ulimi ulikuwa ndani ya tundu kwa kina cha milimita 50, na mguu uliobaki nje ulikuwa na milimita 400. Nafasi ya milimita 1 juu ikawa mchezo wa milimita 8 sakafuni. Gundi haikusaidia, kwa sababu gundi nyeupe hushika kwa kuyaacha maji yake yaingie ndani ya mbao, na mbao iliyojaa maji haina pa kuyaweka. Nilipouchomoa mguu wa kwanza, gundi ilibanduka kama ngozi, bila kuvuta hata unyuzi mmoja.

Kwa hiyo ufa na miguu iliyolegea vilikuwa na chanzo kimoja. Hata hivyo, si kwamba mbao mbichi haifai kwa benchi. Mafundi wanaochonga viti kwa mbao mbichi wamekuwa wakiitumia hali hiyohiyo kwa faida yao: ubao wa kukalia huwa na unyevu kiasi, lakini ulimi wa mguu hukaushwa kupita kiasi kabla ya kuingizwa, ili tundu linaposinyaa liubane ulimi, na ulimi unapopokea unyevu kutoka kwenye ubao uvimbe na kulijaza tundu. Mimi nilikuwa na vitu hivyo viwili mkononi na nikavifanya vyote kuwa vibichi.

Kuanguka kwa mgeni

Kosa hili lilisimama peke yake. Miguu ililegea, ndiyo, lakini hata kama ingekuwa imeshikana kama mwamba benchi lingepinduka. Lilikuwa na uzito wa kilo 18, kitovu cha uzito huo kikiwa katikati, sentimita 65 kutoka kila mwisho. Miguu iligusa sakafu sentimita 30 kutoka mwisho, kwa hiyo kitovu kilikuwa sentimita 35 ndani ya miguu. Benchi hupinduka pale uzito wa mtu ukizidishwa kwa umbali wake nje ya miguu unapozidi uzito wa benchi ukizidishwa kwa umbali wa kitovu chake ndani ya miguu. Kilo 18 mara sentimita 35 ni 630. Kwa mtu wa kilo 60, sentimita 10.5 nje ya miguu zinatosha. Ubao ulikuwa umechomoza sentimita 30 nje ya miguu. Yaani karibu sentimita 20 za kila mwisho wa benchi zilikuwa mtego, na benchi fupi lenye watu wawili ndilo linalomsukuma mmoja wao huko, hasa mwenzake anapoinuka ghafla.

Dawa ya hali hii haikuwa kuongeza uzito wa benchi, jambo nililoshauriwa na zaidi ya mtu mmoja, bali kusogeza nyayo za miguu kuelekea mwisho. Mguu uliosimama wima lazima utobolewe pale pale unapokanyaga, na tundu likikaribia sana mwisho wa ubao, mbao iliyobaki nje yake hupasuka kirahisi. Mguu ulioinama kuelekea nje hutatua mgogoro huo: tundu hubaki ndani, unyayo huenda nje.

Miezi ya kungoja

Baada ya tukio la mwezi wa sita nilitaka kuziba ufa, kugundisha miguu upya na kulirudisha benchi barazani. Kilichonizuia ni kipimo kimoja. Siku ile upana wa nje wa ubao ulikuwa milimita 336, na ufa ulikuwa milimita 3. Mbao yenyewe, basi, ilikuwa imepungua kutoka 340 hadi 333. Wiki tatu baadaye nilipima tena na ikawa imepungua zaidi. Ubao uliokuwa bado unatembea usingeshikika kwa kizibo chochote.

Desturi ya maseremala ya kuhesabu takriban mwaka mmoja wa kukausha kwa hewa kwa kila milimita 25 za unene ni kadirio tu, lakini kwa ubao wa milimita 50 ilinielekeza kwenye miaka miwili, si miezi sita. Nililiacha benchi stoo, mahali penye hewa na pasipo jua, nikawa napima upana na ufa kila mwanzo wa mwezi na kuandika kwa penseli chini ya ubao. Kufikia mwezi wa ishirini vipimo vilikuwa vimesimama kwa miezi mitatu mfululizo: upana wa nje 332, ufa 6, mbao 326. Nilikata kipande chembamba kutoka ndani kidogo ya ncha, kikawa na uzito wa gramu 135. Nikakikausha katika oveni kwa joto la digrii 103 hadi uzito ulipoacha kushuka, kikabaki gramu 118. Tofauti ya gramu 17 ukiigawanya kwa uzito mkavu unapata unyevu wa karibu asilimia 14, kiwango cha kawaida kwa mbao inayokaa mahali penye paa lakini penye hewa ya nje.

Katika kungoja huko niliongeza kosa lingine, ambalo ni lazima lisemwe: niliziacha papi zikiwa zimefungwa. Kama ningezifungua mwezi wa sita, sehemu kubwa ya kusinyaa kulikobaki ingetokea bila upinzani, na huenda ufa ungebaki milimita 3 zilezile. Nilipozifungua hatimaye, ufa ulijifunga hadi milimita 4 usiku huohuo na ubao ukainuka kidogo katikati. Kwa bahati, si kwa ujuzi, upande wa kiini ndio uliokuwa juu, kwa hiyo mwinuko huo humwaga maji pembeni badala ya kuyakusanya.

Matengenezo

Nilianza kwa kukata sentimita 8 kila mwisho. Msumeno huo mmoja uliondoa nyufa zote fupi za ncha, na wakati huohuo ukaleta matundu ya miguu kwenye umbali wa sentimita 22 kutoka mwisho badala ya 30. Benchi likawa na sentimita 114, zinazowatosha watu wawili. Vipande vilivyokatwa sikuvitupa, kwa sababu nilivihitaji kwa majaribio.

Matundu ya zamani niliyaziba kwa vigingi vya mbao kavu, kwa nia tu ya kuipa keekee mahali pa kuuma, kisha nikatoboa matundu mapya ya milimita 40 juu yake. Nilitaka kila mguu uiname digrii 12 kuelekea mwisho wa benchi na digrii 8 kuelekea ubavuni. Kutoboa kwa kuangalia pembe mbili kwa wakati mmoja ni kazi ya kukatisha tamaa, lakini pembe mbili hizo ni mwinamo mmoja tu ukitazamwa kutoka mahali panapofaa. Nilichora chini ya ubao, kutoka kila tundu, mstari unaoacha mhimili wa urefu kwa digrii 33 na kuelekea nje. Nikaweka kipimapembe kwenye mstari huo kikiwa na mwinamo wa digrii 14. Nikatoboa nikihakikisha keekee inaambatana nacho. Miguu yote minne ilitoka ikifanana kwa macho, na macho ndiyo yatakayoitazama.

Miguu mipya haikukatwa kwa msumeno. Niliipasua kwa shoka na kabari kutoka kwenye kipande cha mbao kavu, kwa sababu mpasuko hufuata nyuzi zenyewe, na mguu ambao nyuzi zake zinatoka juu hadi chini bila kukatika huwa na nguvu hata ukiwa mwembamba. Ndimi zake zilikaa wiki moja karibu na joto, zikakauka kuliko ubao, na ndipo nikazichonga hadi kipimo cha mwisho. Mtu akichonga kwanza na kukausha baadaye hupata lile yai la mwanzo.

Kila ulimi ulipasuliwa mwanya kwa msumeno ili upokee kabari kutoka juu. Mwelekeo wa kabari ndio uliofanya nishukuru kuwa na vipande vya majaribio. Katika jaribio la kwanza niliigonga kabari ikiwa imelala sambamba na nyuzi za ubao, na kipande kikapasuka mara ya tatu ya nyundo, kwa kuwa kabari ilisukuma kuta za tundu kuelekea upana, upande ambao mbao hupasukia kwa urahisi. Kabari lazima ikatishe nyuzi za ubao, ili msukumo wake uende kwa urefu, ambako mbao hustahimili. Katika jaribio la pili kipande kilivumilia hadi kabari ikavunjika yenyewe.

Ufa sikuujaza. Chini ya ubao nilitega vipande viwili vya mbao ngumu vilivyochongwa kwa umbo la kipepeo, kila kimoja kikiwa na urefu wa sentimita 8 na kina cha sentimita 2, nyuzi zake zikikatisha ufa, ili usiendelee kufunguka. Msomaji makini atasema kwamba nimerudia kosa la papi, maana kipande hicho nacho hukatisha nyuzi na hakisinyai. Ni kweli, ila kuna tofauti mbili: ubao sasa umetulia, na mwendo wa sentimita 8 za mbao iliyotulia ni sehemu ya milimita, si milimita 11. Gome nililiondoa kwa kisu cha mipini miwili. Chini yake palikuwa na unga laini wa bungua, na ningekuwa nimewatunza mwaka mzima kama ningeendelea kupenda sura ile.

Kusawazisha kulifanyika mara moja. Benchi liliwekwa juu ya sakafu iliyohakikishwa kwa pimamaji, likatiwa vipande vyembamba chini ya miguu hadi uso wa kukalia ukawa sawa, kisha penseli iliyolazwa juu ya kigingi ikazungushwa kila mguu kwa urefu uleule, na msumeno ukafuata mstari. Nyayo zilipunguzwa kingo ili zisibanduke benchi linapokokotwa, zikanyweshwa mafuta ya kitani hadi zikakataa, na mafuta hayohayo yakapakwa juu na chini ya ubao. Vitambaa vilivyotumika kupakia nilivitandaza nje vikauke kimoja kimoja, kwa sababu vikirundikwa huweza kupata joto na kuwaka vyenyewe.

Hali ya sasa

Benchi sasa lina kilo 16. Nyayo zinakanyaga sentimita 13.5 kutoka mwisho, na kwa hesabu ileile mtu wa kilo 60 atalipindua tu kama uzito wake wote utasimama sentimita 2 kutoka ukingoni, mahali ambapo angekuwa ameteleza kabla benchi halijainuka. Limepitia mwaka mzima barazani. Katika miezi yenye unyevu mwingi mbao ilipanuka kutoka milimita 326 hadi 328 na kitu, ikarudi 326 hewa ilipokauka. Miguu haichezi. Kwenye kipepeo kimoja kuna mstari mwembamba kama unywele uliofunguka ubavuni mwake kiangazi, na bado naupima kila mwanzo wa mwezi.